Propela Iliyotoka Mtoni

Siku Salvatori aliposikia kwamba pantoni ya mto Ugalla imekufa, alivua kofia kama mtu aliyepewa habari za msiba, akawapa pole wauza asali wote wa soko la Mpanda, kisha akageukia ukuta apate kutabasamu kwa nafasi.

Ndoo za asali zilikuwa zimekaa tupu mezani. Mto umejaa, walimwambia. Propela ya injini imegonga kisiki ikakatika, na asali yote ya msimu iko ng'ambo, kwenye kambi ya warina asali. Hakuna wa kwenda wala wa kurudi.

Salvatori alikuwa na sababu mbili za kutabasamu. Ya kwanza iliitwa Dina, na alishona sare za kwaya kwenye kibaraza karibu na stesheni. Salvatori alimpenda kwa dhati, na hilo ndilo jambo pekee maishani mwake ambalo hakuwa ameligushi. Baba yake Dina, mzee Zefania, alikuwa ametaka debe moja la asali ya Ugalla katika mahari, kama ilivyokuwa kwa baba zake. Mwanzoni Salvatori alimpelekea debe la sukari iliyochemshwa ikakolea rangi. Mzee, ambaye ujana wake wote aliumaliza kwenye mizinga, alichovya kidole, akalamba, akafunika debe polepole.

"Mwanangu," aliuliza, "hawa nyuki wako wameajiriwa kiwanda cha sukari?"

Akampa nafasi moja ya mwisho: asali ya kweli kabla ya Jumapili. La sivyo Dina ataposwa na Ponsian, karani wa mizigo wa reli, kijana mnyoofu asiye na la kuchekesha, ambaye naye alikuwa anaitafuta asali hiyohiyo na kuzuiwa na mto huohuo.

Sababu ya pili ilikuwa ndani ya gunia, chini ya kitanda chake. Kule Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Salvatori aliwahi kubadilishana redio nzuri sana, isiyo na kitu ndani, na propela mbili za boti iliyotelekezwa. Boti ile ilikuwa na injini mbili, na kwa sababu wanazozijua watu wa maboti, propela moja ilichongwa izungukie kulia na ya pili kushoto. Aliyempa alimwonya: ukiifunga ya kushoto kwenye injini ya kawaida, chombo kitarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Mwingine angelichukua onyo hilo kama onyo. Salvatori alilihifadhi kama mtaji.

Basi alivaa koti, akachomeka mfukoni kalamu isiyo na wino, akatia gunia begani, akapanda lori la mkaa hadi Ugalla.

Mwenyekiti wa kikundi chenye pantoni alikuwa mama Annonciata, mkulima wa makamo kutoka Katumba, mnene, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kumtazama mtu mpaka amalize kusema na bado akaendelea kumtazama.

"Shikamoo mama. Mimi ni injinia wa mapropela."

"Marahaba mwanangu. Wa nini?"

"Wa ile feni ya injini, inayokata maji."

"Ego! Ndiyo, hapo sasa umesema."

Salvatori aliizunguka pantoni. Ilikuwa mapipa yaliyofungwa pamoja na kupigiliwa mbao juu, mraba kabisa, na injini imening'inizwa upande mmoja. Aligonga pipa akatega sikio. Aliguna. Aligonga jingine akaguna zaidi. Kisha akajaribu gia, akagundua kwa furaha kubwa kwamba ya kurudi nyuma ilikwisha kufa zamani. Injini ilijua kwenda mbele tu.

"Mama, watu wengi huchagua propela kwa macho," alianza. "Boti ya kukimbia inataka panga jembamba, lenye mlalo mkali. Nyie mnabeba mapipa, mbuzi na wakwe. Mnataka panga pana, lenye mlalo wa upole, likokote maji bila haraka. Mkikosea hapo, injini itapiga kelele siku nzima na pantoni itakaa palepale."

Yote hayo yalikuwa kweli tupu. Salvatori hakuwa mbahili wa ukweli pale ulipomsaidia kusogeza uongo.

Akafungua gunia. Propela mbili ziling'aa juani, zinafanana kama mapacha, maana alizisugua kwa majivu usiku kucha.

"Zimetoka wapi?" aliuliza Libérat, mwendesha pantoni.

"Mamtoni."

"Mtoni? Mto gani?"

"Mamtoni, kaka! Ulaya. Sisi watu wa Dar ndivyo tunavyosema." Salvatori hakuwahi kupita Tabora, na hata Tabora alirudi na treni ileile.

"Ehee," alisema mama Annonciata. "Kumbe Ulaya nako ni mtoni. Sasa sikia, mwanangu. Pantoni ikivuka, debe moja la asali ni lako."

Na hapa, msomaji, ndipo panapouma. Ndani ya gunia ilikuwamo propela sahihi. Kuifunga ni kazi ya dakika chache, debe lingekuwa lake, na Dina angekuwa mke wake. Lakini kupata kitu kwa kukifanyia kazi kulimpa Salvatori wasiwasi, kama vile anaibiwa. Debe moja ni la mzee Zefania. La suti ya harusi je? La viatu?

"Mama, mimi si mtu wa tamaa," alisema. "Hii ya kwanza nawapa bure, ya majaribio. Propela na pantoni lazima zionane kwanza. Zisipoelewana, nitafunga hii ya pili, na hapo tutazungumza madebe manne."

"Na zikielewana?"

"Zikielewana, propela ibaki hapohapo. Ni yenu. Bure."

"Bure?"

"Bure, mama."

"Libérat, umelisikia hilo neno?"

"Nimelisikia."

"Na nyie warina asali?"

Warina asali waliokuwa wanangoja kuvuka waliitikia kwa pamoja kwamba wamelisikia vizuri. Salvatori akainama na kufunga ile ya kushoto.

Walisukuma pantoni kwa pondo hadi majini, injini ikiwa upande wa nyuma kama ilivyozoea. Salvatori alisimama mbele, mkono kifuani, macho ng'ambo. Libérat aliwasha, akaingiza gia. Pantoni ilitetemeka, ikafikiri kidogo, kisha ikarudi kinyumenyume kwa nguvu na kujibamiza ukingoni walikotoka. Warina asali wakaangukiana. Injini nayo iliinua mkia ikamwogesha Libérat matope.

"Masikini!" Salvatori alishika kichwa. "Hazijaelewana! Nililiogopa hili, mama. Inakataa kwenda mbele. Lete ile ya pili, tufunge, na yale madebe manne..."

Mama Annonciata aliitazama propela, akautazama mto, akaitazama pantoni pande zote nne.

"Mbele ni wapi?" aliuliza.

"Mama?"

"Nauliza mbele ya kitanda changu cha mapipa ni wapi. Mimi sioni pua, sioni mkia. Mbele ni kule asali iliko. Libérat, igeuze."

"Lakini mama, kitaalamu..."

"Igeuze."

Waliigeuza kwa pondo mpaka injini ikaelekea ng'ambo. Libérat aliifunga kwa kamba ya gome la myombo, ileile inayofungia mizinga juu ya miti, isiinue mkia tena. Akaingiza gia. Abiria wote wakageuka kutazama upande wa pili, na kwa kitendo hicho nyuma ikawa mbele. Pantoni ikavuka Ugalla injini ikiwa imetangulia, inavuta badala ya kusukuma, taratibu, bila haraka, kama vile propela pana yenye mlalo wa upole inavyotakiwa kufanya. Mafundi wa maboti wangelia. Warina asali waliimba.

Salvatori hakuimba. Huko ng'ambo, wakati madebe yanapakiwa, alimfuata mama Annonciata na gunia lake.

"Mama, hii iliyobaki ndiyo nzuri zaidi. Nipe debe moja tu, lile la mwanzo."

"Feni tunayo, mwanangu. Umetupa bure."

"Nusu debe."

"Tunayo."

"Chupa! Mama, kuna binti, nampenda kweli. Kesho ni Jumapili. Nipe hata kikombe."

Sauti yake ilikatika pale, na safari hiyo hakuwa ameikata yeye. Mama Annonciata alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo? Ningekupa debe, ukaoa. Lakini wewe ulikuja na mambo ya Ulaya." Akapanda pantoni. "Haya, tunaondoka. Nauli."

"Nauli? Mimi?"

"Ulikuja bure kwa ajili ya majaribio. Majaribio yamekwisha."

Salvatori alipapasa mifuko, akaipata kalamu. Aliutazama msitu nyuma yake, akausikiliza. Kisha akashusha gunia begani na kuikabidhi propela ya kulia, iliyo sahihi, isiyo na kosa lolote.

"Itakaa akiba," alisema mama Annonciata. "Si ulisema zimetoka mtoni? Basi zimerudi kwao."

Upande wa pili, lori la reli lilikuwa linangoja ukingoni, na kando yake alisimama Ponsian, amechana nywele, ana noti zake mkononi. Alikuwa amesikia njiani kwamba kuna injinia ameifufua pantoni. Akalipia debe kama mtu anayenunua chumvi, bila maneno, bila hata kupunguziwa, akainama kulibeba na kushindwa.

"Salvatori! Kumbe uko huku? Nishikie hapa, ndugu yangu, ni zito. Halafu panda, nikufikishe mjini."

Salvatori alitazama barabara ya Mpanda, ndefu na yenye matope. Akashika upande wake wa debe. Walipolitua ndani ya lori mfuniko ulilegea, na asali ikamchuruzika mkononi. Alingoja Ponsian atazame pembeni, akalamba kidole.

Ilikuwa asali ya kweli. Mzee Zefania hataweza kuikataa.