Tovuti ya Ukoo wa Shija

Jumatatu, 4 Agosti

Asubuhi nzima imepotelea kwenye tovuti ya kampuni ya mabasi. Nilitaka kumkatia tiketi baba mdogo Kashindye, aliyehamia Katavi na ng'ombe wake nikiwa bado shule ya msingi. Anarudi kututazama, kisha anapelekwa hospitali Dodoma. Miguu inamsumbua. Ukurasa ulichelewa kufunguka kwa sababu ya picha ya basi linalopaa mawinguni. Kisha ukaniomba nikubali vidakuzi. Nikakubali. Ukaniuliza kama mimi ni roboti. Nikakana. Ukanipa picha nichague zenye taa za barabarani. Nikachagua. Ukasema bado. Bando likaisha kabla sijathibitisha ubinadamu wangu.

Shemeji Novatus, mume wa dada yangu, alikuwa kwenye benchi la steshenari yangu akitafuna kiazi. Akampigia wakala wa stendi kule Mpanda, akataja jina la mzee, kwisha. Kisha akaniuliza, kwa upole ambao siupendi, kama nahitaji msaada mwingine.

Nimetafakari sana. Tatizo si tovuti. Tatizo ni kwamba sisi ukoo wa Shija hatuna ya kwetu.

Jumatano, 6 Agosti

Kaka Maige wa Mkula, mkubwa wetu, amenikabidhi kazi ya kutoa taarifa za mapokezi ya mzee. Yatakuwa nyumbani kwake Jumamosi ya wiki ijayo, ndugu wa ziwani na wa Meatu wakutane. Novatus alitaka yeye ndiye apige simu kila kaya. Nikamjibu kwamba siku hizi mtu makini hatangazi kwa mdomo. Maige, ambaye hapendi kelele, akasema kazi ni ya Leonidas, yaani mimi, asiingiliwe.

Nimeanza kujenga. Ukurasa wa mbele una ngoma inayolia yenyewe. Ng'ombe anatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Nimeweka picha yangu, ya ukubwa wa kutosha. Nimeweka vidakuzi, sijui vinafanya nini, lakini tovuti zote za maana zinavyo. Nimeweka pia swali la roboti, kwa usalama wa ukoo.

Jumapili, 10 Agosti

Tovuti iko hewani. Maige aliifungua huko Mkula, akasema simu imechemka hadi akaiweka juu ya mtungi ipoe. Nimechukulia kama pongezi.

Evalina, mke wangu, aliitazama muda mrefu. Halafu akauliza ng'ombe anaelekea wapi. Ni swali la mtu asiyejua sanaa, lakini limenikaa kichwani.

Alhamisi, 14 Agosti

Mzee alifika jana. Nilimpokea stendi, nikashtuka. Mtu niliyemkumbuka akikimbiza ndama leo anashikwa mikono miwili kushuka ngazi za basi. Usiku aliuliza kama Minza yupo. Nikamwambia shangazi, dada yake, yuko Bukundi kule Meatu, watakutana Jumamosi. Akatabasamu, akasema amekuja kwa ajili hiyo, mengine ni ziada.

Leo miguu imevimba zaidi. Daktari amesema asisafirishwe ovyo. Apumzike hapa, Jumapili alfajiri apande basi la Dodoma moja kwa moja. Maige amepiga simu: mapokezi yahamie kwangu Bariadi, niwajulishe wote leo hii. Nimeiweka taarifa kwenye tovuti mara moja, chini ya ngoma, baada ya historia ya ukoo.

Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa uhakika, nimewapigia ndugu wote mmoja mmoja, kuwaambia kuna habari mpya kwenye tovuti. Shangazi Minza akauliza habari gani. Nikamwambia asiharibu utamu, afungue mwenyewe. Akasema simu yake ni ile ndogo ya vitufe. Nikamwelekeza aende dukani kwa Goodness, yeye ana simu kubwa.

Evalina alinisikia. Akauliza kwa nini nisingemwambia tu. Nimemweleza kwamba hapo tungekuwa tunaidharau tovuti.

Jumamosi, 16 Agosti

Nitaandika yote, ingawa mkono hautaki.

Kaunta ya tovuti ilionyesha wageni wengi, nikalala vizuri. Leo asubuhi Maige alifika na watu wake wote kutoka Mkula. Wa Lamadi, kule ziwani, walifika. Kumbe Maige aliwapitia. Kutoka Meatu, hakuna mtu. Mzee alikuwa amevaa shati jipya, amekaa akitazama lango. Kila gari lilipopunguza mwendo, alijaribu kusimama.

Mchana ulipopita, Novatus hakuniomba ruhusa. Alimpigia shangazi. Alikuwa Mkula, amekaa kwenye gogo nje ya geti la Maige lililofungwa, na kuku wa zawadi mkononi. Alidhani amewahi. Hakutaka kusumbua watu kwa simu. Alikuwa ametoka Bukundi gizani, na gari lilipita hapa Bariadi, barabara ileile ambayo nyumba yangu inaonekana.

Novatus akawasha pikipiki bila kunitazama. Ningefurahi kama angenitukana.

Nilikaa nikaifungua tovuti. Kaunta ikapanda kwa mmoja. Nikaifunga, nikaifungua. Ikapanda tena. Nikaelewa wageni wote walikuwa nani.

Jua lilikuwa limeshuka walipofika. Shangazi alishuka kwenye pikipiki akiwa mweupe kwa vumbi, kuku bado kamshika. Niliinama kumsalimia na kuomba radhi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

“Ile kitu ya kwa Goodness iliniuliza kama mimi ni mtu, mwanangu,” alisema. “Nikaiambia mimi ni Minza, binti Shija. Haikusikia. Wewe ulikuwa umenipigia, si ungesema tu? Nilitaka sauti ya mtu.”

Akaingia ndani. Mzee alishindwa kusimama, basi yeye akaketi chini, akamshika miguu yote miwili. Hawakulia. Walianza kuulizana habari za ng'ombe wa baba yao, kwa majina, Kisukuma kitupu: yule mwekundu, yule mwenye pembe moja. Ng'ombe waliokufa kabla sijazaliwa. Walikuwa wakicheka. Watu walikuja kumsalimia mzee, wakawaona, wakarudi uani.

Mimi nilikaa kizingitini.

Jumapili, 17 Agosti

Mzee ameondoka alfajiri. Shangazi alimfunga shuka miguuni, akakaa stendi hadi basi lilipopotea. Naye amepanda gari la Meatu. Alichoniomba ni kimoja: Kashindye akifika salama, nimpe habari.

Maige alitukalisha kabla ya kurudi kwake. Alisema kwa heshima kwamba kuanzia sasa mambo ya ukoo ni simu ya kawaida, na Novatus atasaidia. Wote waliafiki. Mimi pia niliafiki, kwa moyo mweupe. Nimejifunza jambo kubwa.

Jumatatu, 18 Agosti

Mzee amefika Dodoma, amelazwa, amekula. Nesi amenipigia mwenyewe.

Nimeyafikiria sana maneno ya shangazi. Alitaka sauti ya mtu. Yaani kasoro ya tovuti ilikuwa hiyo tu! Nimejirekodi nikisoma taarifa ya mzee, pamoja na utangulizi, na itaanza kusema yenyewe mtu akifungua. Ngoma nimeipunguza kidogo ili nisikike. Swali la roboti nimelitafsiri Kisukuma.

Evalina amesema nimpigie shangazi, anasubiri. Nimemwambia avute subira, sauti inapanda hewani, imefika nusu. Ametoka kwenda uani na simu yake. Namsikia anamsalimia mtu: mwadila, shangazi. Sijui haraka yote hiyo ni ya nini.