Mstari wa Musafiri

Jumatatu, 3 Februari 2025. Modogashe.

Leo nimeanza ukarani. Bado si rasmi. Mzee Korane, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kisima chetu, amesema kazi ni moja na watu ni wawili: mimi na Idman. Atatutazama wiki hii, Jumatatu ijayo atasema nani anabaki. Idman ana diploma ya Garissa. Mimi pia nilisoma Garissa, ila kwa kusimama nyuma ya watu kwenye saiba nikijifanya nangoja printa. Elimu ni ile ile. Mimi tu sikupewa kiti.

Qali, mke wangu, ameshasema lake. Nisipopata kazi hii kabla ya Ramadhani, anarudi kwa kaka zake na sufuria zake. Nimekagua jikoni. Sufuria zote ni zake.

Kazi yenyewe ni orodha ya zamu. Huu ni wakati wa jilaal, mvua imesahaulika, na kila mwenye mifugo anangoja zamu yake kwenye mabirika. Mpaka sasa Mzee Korane anaweka nambari kwa mkono. Akiongezwa mtu katikati, anafuta zote na kuanza upya, na jioni watu wanashikana mashati kwa sababu ya sita iliyofanana na sifuri. Nikamwambia kuna amri ya kompyuta, herufi mbili tu, nl, inayoweka nambari kwenye mistari kabla hujamaliza kupiga chafya. Akauliza kama inakunywa dizeli. Nikasema hapana. Akanipenda papo hapo. Idman alikuwa akitazama dirishani.

Jumanne, 4 Februari.

Siku mbaya. Si kosa langu.

Laptopu ya ofisi ni msaada wa wafadhili. Haina Windows. Ukiiwasha inakupa kioo cheusi na kimstari kinachopepesa, kama mgeni anayengoja chai. Idman alikuwa ameshachapa orodha yote, kila jina na mstari wake, kwenye faili linaloitwa zamu.txt. Nikaandika nl, nikaandika jina la faili, nikabonyeza. Nambari zikamwagika kwenye kioo, zimepangana kama mbuzi kwenye josho. Karibu nilie.

Lakini zilikuwa kwenye kioo tu. Faili lilibaki vile vile, halina nambari hata moja. Basi nikaiamuru kompyuta iandike matokeo ndani ya faili lile lile. Ikatii, mbwa yule. Kwanza ikalisafisha faili ili kupata pa kuandikia, ndipo ikalisoma. Ikakuta hakuna kitu. Ikaweka nambari kwenye hakuna kitu.

Nikamwambia Idman umeme ulikatika. Akainua macho kwenye feni. Feni ilikuwa inazunguka. Akatoa flashi kwenye mkoba, akarudisha orodha, akanionyesha kuandika matokeo kwenye faili jingine. Afadhali angecheka. Mtu akikucheka unajua pa kumchukia.

Kisha akaniandikia kikaratasi: nl -ba. Akaeleza kwa sauti ile ya kubembeleza mtoto kwamba orodha ina mistari mitupu, na mtupu haupewi nambari mpaka uongeze hizo herufi. Nikashukuru. Akatoka. Nikakikunja kikaratasi mara nne, nikakitia chini ya mguu wa meza. Meza ilikuwa ikiyumba. Sasa imetulia. Diploma ina faida zake.

Alhamisi, 6 Februari.

Ushindi.

Hiyo mistari mitupu naijua vizuri, nimekua nayo. Kila baada ya majina kadhaa, Mzee Korane huacha zamu moja bila jina. Ni ya musafiri. Anayepita na mifugo yenye kiu huingizwa hapo, haulizwi ukoo wala aendako. Asipotokea, maji yale hupewa wanyama dhaifu wa yeyote. Kutoka hapa mpaka Wajir watu hulijua hilo, na hufunga safari na mifugo yao wakilitegemea.

Vizuri. Lakini kwenye karatasi ni uchafu. Mashimo kama meno ya mzee. Nikaipiga amri yangu kama nilivyoijua, herufi mbili, bila mapambo ya Idman. Ikaruka mitupu yote, ikawapa nambari wenye majina peke yao. Ina akili kuliko kamati nzima. Nambari zikapungua, na kwa kuwa jenereta ya kisima huzimwa nambari ya mwisho ikishaitwa, dizeli nayo itapungua. Nimeokoa dizeli nikiwa nimekaa kitini.

Mzee Korane, ambaye macho yake yana ukungu, aliileta karatasi puani, akauliza kama musafiri yumo. Nikasema yumo. Si uongo. Mistari yake ipo, tena myeupe kuliko yote. Haina nambari tu.

Idman akaitazama karatasi, akafungua mdomo. Nikamwahi, nikasema Mzee ameshapitisha. Akaufunga. Nilikula chakula cha mchana kwa raha.

Ijumaa, 7 Februari.

Orodha imebandikwa kwenye lango la kisima. Bawabu anaita nambari kwa kipaza sauti, watu wanaingia bila kusukumana. Baada ya swala mwanamume ambaye hajawahi kujibu salamu yangu ameijibu.

Jioni abti Mahat akapiga simu. Ni kaka wa mama yangu. Kwetu mjomba humwita mpwa abti, na mpwa humwita mjomba abti, jina moja kwa wawili, ili msisahauliane. Yuko njiani na ngamia wake kutoka kwao Hadado, alikozaliwa mama, atafika kesho. Analeta irmaan mmoja, ngamia jike mwenye maziwa, awanyweshe watoto wangu jilaal hii. Aliniuliza mambo ya maji. Nikasema, abti, karani ni mimi, njoo tu.

Qali alitabasamu. Mara ya kwanza tangu Idi.

Jumamosi, 8 Februari.

Sitaki kuandika. Naandika kifupi.

Abti alifika jua likiwa utosini. Ngamia wake walikuwa wamenyauka, mbavu zinahesabika kwa mbali. Bawabu akamwuliza nambari. Akajibu yeye ni musafiri. Bawabu akaipitia karatasi juu mpaka chini, akasema musafiri hana nambari, na asiye na nambari haitwi. Watu wakamgeukia abti. Si watu wabaya. Siku nyingine wangempisha wote. Lakini leo kila mmoja alikuwa na nambari mkononi, na mwenye nambari huwa haoni mtu, huona nambari inayofuata.

Mimi nilikuwa nyuma ya tangi. Sikujificha. Nilikuwa nakagua bomba. Mzee Korane alikaa pale pale langoni, na uamuzi wa kazi ni Jumatatu. Ningesema nini? Nikazunguka kwa nyuma, nikamnong'oneza abti asubiri wa mwisho amalize.

Nambari ya mwisho ikaitwa. Jenereta ikazimwa. Dizeli ile niliyookoa.

Ndipo Idman akaingia katikati ya mabirika na fimbo. Mbuzi waliokuwa wakinywa zamu hiyo ya mwisho walikuwa wa mama yake. Akawatoa wote, kiu nusu, midomo inadondosha maji, na kuwapisha ngamia wa abti wanywe kilichobaki. Mama yake, Ebla, alisimama kando akiwashikilia kwa mikono, wala hakunung'unika.

Wakubwa walikunywa. Mtoto wa yule irmaan alikuwa ameshapiga magoti pembeni. Walimletea maji kwenye karai. Hakuinua kichwa.

Abti alimfunika macho kwa kilemba chake, kisha akaja kwangu. Hakupaza sauti.

"Abti," akasema, "nimetoka Hadado nikijua hapa kuna mstari wangu. Nani aliufuta?"

Nikasema ni kompyuta.

Jumatatu, 10 Februari.

Kazi amepewa Idman.

Nilijitetea vizuri sana. Nilieleza kwamba amri ile imeumbwa hivyo, hairuki kwa ubaya, ni kawaida yake. Nikasema hata kule ilikotengenezwa hawana musafiri, watajuaje. Wanakamati wawili walitikisa kichwa kuniunga mkono, au walikuwa wakifukuza nzi. Mzee Korane alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Warya, ewe Abdiwali, kompyuta haina mama Hadado. Wewe unaye."

 

Karatasi mpya tayari iko langoni. Mistari mitupu ina nambari zake, imekaa wazi, inangoja. Jenereta inanguruma mpaka jioni na hakuna anayelalamikia dizeli.

Irmaan naye hakuondoka na abti. Abti amemwachia mama yake Idman. Ngamia aliyefiwa na mtoto hakubali kutoa maziwa kwa kila mkono, ila kwa mkono wa yule mama amekubali. Leo ofisini chai ilikuwa ya maziwa ya ngamia. Idman alinimiminia kikombe kabla ya kujimiminia yeye, akaniita walaal, yaani ndugu, akauliza kama sukari inatosha. Unamchukiaje mtu wa hivi? Nilikunywa yote. Ilikuwa tamu. Nilikasirika zaidi.

Nyumbani jiko halikuwa na kitu juu yake. Qali amekwenda na watoto, ameniachia bakuli moja, lile lenye ufa.

Jumatano, 12 Februari.

Mola hamtupi mja wake. Binamu yangu Nunow amepiga simu kutoka Kotile. Na wao wana kisima, wana kamati, wana foleni, na wamepata laptopu. Hawana anayeijua. Amesikia kwamba Modogashe kulikuwa na karani aliyepunguza matumizi ya dizeli. Hakusikia mengine. Kotile ni mbali.

Nikamwuliza orodha yao ikoje. Akasema ni nzuri, ila ina mapengo mapengo ya wageni. Nikamwambia asisumbuke, nina amri ya herufi mbili, mapengo hayo hayatamsumbua tena. Alifurahi sana. Akauliza kama inakunywa dizeli.

Nimefunga begi. Bakuli nimelitia katikati ya nguo. Nilipokwenda ofisini kurudisha ufunguo, Idman alinikumbusha kwa upole nichukue kile kikaratasi chake, huenda kitanifaa niendako. Nikamwambia ninacho mfukoni.

Kiko chini ya mguu wa meza. Ukikitoa, meza inayumba.