Mtambo wa Kumsikia Samaki

Jumatatu, 8 Julai 1974. Kijiji cha Bweni.

Jana Saba Saba, leo balaa. Mkutano wa kijiji baada ya alasiri. Mwenyekiti wetu, Mzee Mfaume, kasimama, kakohoa, kasema upepo wa kusi umezuia mitumbwi, kwa hiyo sisi kikundi cha uvuvi tuvulie mishipi kutoka mwambani. Vizuri. Kisha kasema Jumapili kila mmoja apeleke samaki wake mzanini. Asiye na samaki atoke kwenye kikundi, akalime mihogo shamba la ujamaa moja kwa moja. Watu wote wakageuka kunitazama mimi. Hata babu mmoja aliyekuwa amesinzia!

Jembe ningelivumilia. Lakini nyapara wa shamba la ujamaa ni Mize, na Mize ni mke wangu. Kapewa na filimbi.

Marehemu baba alikuwa mvuvi. Babu mvuvi. Mimi, Othmani, nipuliziwe filimbi na mke niliyemwoa kwa mahari? Haiwezekani. Samaki atapatikana.

Jumanne, 9 Julai

Nimekaa mwambani tangu asubuhi. Sasa nimeujua ugonjwa. Mvuvi wa mshipi husikia samaki kwa kidole: akidonoa, uzi unatetemeka. Kusi ikivuma, uzi unatetemeka saa zote. Kidole kinasema samaki, navuta, mwani. Kinasema samaki, navuta, mwani tena. Samaki wa kweli anakula chambo anakwenda zake.

Jiwe la pili kakaa Mkadam, shemeji yangu, kaka yake Mize. Anatoa samaki, changu mmoja baada ya mwingine, huku anaimba. Nikamwuliza siri yake. Kasema siri ni kukaa kimya. Mtu anayeimba!

Nimebuni mtambo. Kikapu kidogo cha ukindu, nimekijaza machicha ya nazi na dagaa waliopondwa, nimekifunga juu ya ndoana. Chubwi, ile risasi ya mshipi, inakizamisha, machicha yanatoka kidogo kidogo, samaki wanakuja karamuni kwa miguu yao. Huku juu nimesimika ufito wa mkoko, mshipi unapita nchani, na hapo nchani kunakaa kitu cha kuniarifu. Mimi niko nyuma ya jiwe na kahawa yangu. Hii ndiyo sayansi!

Kitu chenyewe leo kilikuwa unyoya wa jogoo. Upepo ukauchukua. Nikaweka wa pili, ukauchukua. Jogoo ni wa Mkadam. Hadi jioni alikuwa hana mkia, na Mkadam kaanza kuulizauliza mtaani.

Jumatano, 10 Julai

Unyoya ni jambo la kitoto. Leo nimetundika kopo la maziwa lenye kokoto. Likalia papo hapo! Nikavuta: hakuna kitu. Likalia tena. Nikavuta. Limelia kutwa nzima, kwa upepo tu, mpaka viganja vikachubuka. Alasiri nikakata shauri kutoliamini tena. Nilipovuta mwisho, ndoana tupu na kikapu kitupu. Machicha yote yameliwa.

Mkadam kapita kunishukuru. Kasema tangu nianze kumwaga machicha changu wa upande wake wamenenepa. Nilicheka naye. Moyoni nilikuwa natafuta jiwe.

Mize kauliza machicha ya kuku wake yanakwenda wapi. Nikasema panya.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepata jibu nikiwa msalani. Kopo ni jepesi, ndiyo maana upepo unalichezea. Panatakiwa kitu kizito kinacholia kwa samaki tu. Njuga!

Njuga Bweni nzima anazo mama mkwe, Bi Kidawa. Tunaishi naye. Ni za pepo wake, pepo wa baharini, huvaliwa miguuni siku ya ngoma yake. Zinakaa chini ya kitanda, zimeviringishwa kitambaa cheupe, na hazitikiswi bila ubani kufukizwa kwanza. Zikilia, pepo anapanda. Mambo hayo kila mtu anayajua, hata mimi.

Mize kanikataza kabla sijauliza. Kaniona tu nimeinama kuchungulia uvunguni, kasema Othmani, nakuona.

Kaenda kisimani. Nimechukua za mguu mmoja tu. Pepo ana miguu miwili, hatapungukiwa.

Ijumaa, 12 Julai

Baada ya sala ya jumaa nimefunga njuga nchani mwa ufito. Zinapendeza! Kusi ikapiga. Chacha-chacha-chacha! Nikavuta: mwani.

Kumbe huko nyumbani Bi Kidawa alikuwa anatwanga mpunga. Upepo ukapeleka sauti moja kwa moja uani. Mchi ukamtoka mkononi, pepo akapanda. Bila ubani, bila kualikwa! Pepo kauliza nani ananiita. Upepo ukatulia, pepo akashuka, mama akaokota mchi. Upepo ukapiga, pepo juu. Mpaka magharibi kapanda na kushuka hadi mama mkwe kalala kitandani anatetemeka, chakula hataki.

Mize kanitazama muda mrefu. Nikasema huenda ni malaria. Roho imenisuta, sikatai. Lakini Jumapili ni keshokutwa, na filimbi nimeiona imetundikwa ukutani.

Jumamosi, 13 Julai

Mungu mkubwa! Niandike polepole, nisiruke kitu.

Asubuhi kusi imeangusha ufito wangu, ukaingia kwenye ufa wa mwamba, chini karibu na maji. Nilikuwa na hasira, nikauacha hapo hapo umelala. Njuga kimya. Nikanywa kahawa kwa uchungu.

Mara chacha-chacha! Kule ufani, ambako hakuna hata upepo wa kuzima kibiriti! Sikungoja. Nikajua pepo kaja kuzichukua mwenyewe. Nimekimbia na Ayatul Kursiy mdomoni, kanzu kiunoni. Nimefika njia panda, nageuka, naona kibao nilichozungushia mshipi kinarukaruka juu ya mawe kuelekea baharini. Pepo havuti mshipi. Nikarudi mbio zaidi ya nilivyoondoka!

Samaki kolekole! Urefu wake kama mguu wangu. Alinivuta hadi ukingoni, na ni Mkadam aliyeacha mshipi wake akaja kunikumbatia kiuno nisitumbukie. Tulipomtoa kasema mashaallah, kwa uso wa mtu aliyemeza kwinini. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Sioni haya kuandika.

Mize kanipokea mlangoni. Hakusema neno la filimbi. Kamshika kolekole mkia, kanichekea. Siku nyingi Mize ananicheka. Kunichekea nilikuwa nimesahau kulivyo.

Nikamwambia nampeleka mzanini sasa hivi. Ndipo sauti nzito ikatoka chumbani. Pepo! Kasema ameitwa tangu jana na jeuri asiye na adabu, na hashuki mpaka apewe wali na huyo kolekole. Na asipandishwe mzanini, maana samaki akishapimwa ni mali ya kijiji, na yeye hali mali ya umma. Hata mapepo yamehudhuria mkutano!

Mzee Mfaume, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, kathibitisha. Sheria ndiyo hiyo: kikipanda mzani ni cha wote.

Nimesimama uani na samaki begani. Upande huu mzani, upande huu mama mkwe, hajala tangu jana, midomo imemkauka. Mize hakuniomba. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga, kanipa mgongo nisimwone. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Nikampa kisu Mkadam, aliyenifuata nyumbani. Nikasema kata.

Ubani ulipofuka nikarudisha njuga uvunguni kwa kutambaa. Pepo kala sahani ya kwanza, kala ya pili, kaomba ndimu, kashuka. Mama mkwe kakaa kitako, kauliza mbona watu wengi. Mize kanishika mkono mbele ya watu! Kichwa cha kolekole kapewa Mzee Mfaume, mgeni wa heshima. Hakubakiza hata jicho.

Jumapili, 14 Julai

Mzani umetundikwa mapema. Nikasema samaki wangu kijiji kizima kinamjua. Mzee Mfaume kakiri kuwa alikuwa mtamu sana. Lakini kasema yeye hawezi kuning'inia mzanini badala ya kolekole.

Mkadam kapima changu wake, kisha kasema kwa sauti kubwa kwamba kolekole wa shemeji angewashinda hao wote. Nikaguswa. Nikataka kumkumbatia. Hapo hapo akaniuliza kama najua lolote kuhusu mkia wa jogoo.

Nimekabidhiwa jembe.

Jumatatu, 15 Julai

Shamba la ujamaa. Mize kapuliza filimbi, nikaruka kama mtu aliyechomwa na mwiba. Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Kanipa tuta lililo kivulini, chini ya minazi, na saa ya kula kaniwekea muhogo wa kuchoma ulio laini. Kumbe nyapara ana upendeleo. Shamba si baya hata kidogo.

Nimeuchunguza mtambo wangu na kosa nimeliona. Ufito ulianguka! Ungekaa wima, tena mrefu zaidi, juu kabisa kwenye upepo, ningepata kolekole wawili: mmoja wa pepo, mmoja wa mzani.

Lakini hayo yamepita, hapa kuna kazi kubwa zaidi. Nguruwe mwitu wanafukua mihogo kila usiku, na walinzi wanalala. Nimeshapata dawa. Kamba kuzunguka shamba zima, na juu yake vitu vinavyolia. Nguruwe akigusa tu, kijiji kizima macho! Mwenyekiti atanirudisha kwenye uvuvi mwenyewe, kwa heshima.

Njuga sizitaki tena, zina mwenyewe. Safari hii nachukua kitu kisichoweza kuwa na pepo. Pale chuo cha Kurani kuna matari ya maulidi, mapya, yenye vibati pembeni, yametundikwa ukutani hayana kazi. Mwalimu hulala baada ya adhuhuri.