Kanuni ya Kubeba Paka, Buzuruga

Wananchi wa Mwanza mtambue kwamba zama za kufuga paka kiholela zimekwisha. Kila paka atakaguliwa na kupewa cheti: wa nyumbani au wa porini. Wa porini atataifishwa. Mimi Luhende, katibu wa Kamati ya Uainishaji wa Paka, ndiye niliyeandika kanuni, na nilizitendea haki.

Tulianzia Buzuruga, kwa Gladness muuza dagaa. Paka wake ana madoa, na kanuni ya nne iko wazi: mwenye madoa ni wa porini mpaka ithibitike vinginevyo.

"Baba, huyu nilimwokota jalalani," akasema. "Bila yeye panya watamaliza magunia yangu. Mkimchukua, nimekwisha."

Akalia. Nikaandika machozi kwenye sehemu ya Mengineyo, kisha nikamsomea utaratibu. Mmiliki ambebe mnyama kifuani, bila kizimba wala kamba, hatua ishirini mbele ya umma. Mnyama akitulia, ni wa nyumbani.

Ijumaa tukakusanyika uwanjani karibu na stendi. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Machibya, alihutubia sana. Ni kiongozi wa mfano. Paka wake ana cheti namba moja, nilichokisaini ofisini bila kumsumbua mnyama, maana ana kilo sitini na anakula mbuzi. Lakini anaishi nyumbani, kwa hiyo ni wa nyumbani.

Gladness akambeba wake. Kufika hatua ya kumi paka alikuwa amesinzia. Nikagonga muhuri shingo upande.

"Shikamoo Mheshimiwa," akasema Gladness.

"Marahaba, mama."

"Orodha ya vyeti mliyobandika pale ukutani inasema na wewe ulimbeba wa kwako. Tunaomba utuonyeshe, na sisi tujifunze."

Watu wakasema abebwe. Mheshimiwa akacheka peke yake. Wakasema tena, na waendesha bodaboda wakajitolea kwenda kumleta.

"Katibu," akaninong'oneza, "kanuni inaruhusu mwakilishi?"

"Ulikifuta mwenyewe hicho kipengele, Mheshimiwa. Ulisema kinalea uzembe."

Akashika maikrofoni kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa limeloanisha kola. "Ndugu zangu," akasema, "yule ni chui. Simbebi."

Askari aliyekuwa akilinda mkutano akamwomba arudie polepole ili aandike. Kisha akauliza ni nani aliyesaini kwamba chui alibebwa.

Watu wa Buzuruga, ambao ukiwauliza jambo lolote huwa hawajui, wakanionyesha kwa vidole.

Nikapendekeza kikao kiahirishwe kwa kukosa akidi. Askari akatutazama, mimi na Mheshimiwa, akasema kwake wawili tunatosha, tupande gari.