Mafuta Mazito ya Kisyeri

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimebomoa jiko la Rhobi. Asubuhi, kabla mke wangu hajarudi kisimani. Sababu ni nzuri kabisa. Kikundi chetu cha kukeneka mafuta ya maganda ya machungwa, yaani kuyatoa kwa mvuke, kinaletewa mtambo mpya. Wanachama tisa, mtambo mmoja. Utakaa kwa mwenye mafuta bora. Yaani kwangu mimi, Kisyeri. Sasa mtambo wa heshima utalala wapi, na kuku?

Rhobi amefika na ndoo kichwani, akasimama. Akauliza jiko liko wapi. Nikamweleza kuwa hapo ni mahali pa mtambo. Akauliza kama nimeshashinda. Nikasema hilo ni suala la siku chache tu. Akatua ndoo, akapanga mafiga uani. Amepika nje, mvua ikamkuta ugali ukiwa nusu. Nimemshikia mwamvuli. Niliona aibu, ila kidogo.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda Nyamisangura kwa upelelezi. Mpinzani wangu ni Domitila, mama wa Kihaya ambaye mumewe alikuja huku kuchimba dhahabu. Anauza juisi, kwa hiyo maganda anayo bure, tena mabichi. Mimi yangu naokota sokoni, nagombania na mbuzi.

Kanipokea vizuri, jambo ambalo limeniudhi. Kanionyesha chupa yake. Nikacheka moyoni. Mepesi kama maji! Ukiinamisha chupa, yanakimbia. Kaniambia mtaalamu, Bwana Athanas, anakuja Alhamisi kupima mnato, yaani mafuta yanatiririka haraka au polepole.

Nimerudi Nyarero juu ya pikipiki yangu nikiimba. Mkurya afundishwe mnato? Kwetu ugali wa muhogo na mtama usiposimama mkononi, mgeni anajua hatakiwi. Uji mwepesi ni wa wagonjwa. Huyu mama ataaibika mpaka nimhurumie.

Nimefika nyumbani, nikainamisha chupa yangu. Nayo inakimbia.

Jumatano, 5 Machi
Nimetatua. Mafuta ya alizeti, nusu kwa nusu. Sasa yanatembea kama mzee mwenye mali. Rhobi kauliza mafuta yake ya kupikia yako wapi. Nimemwambia yako kazini.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu! Aibu tupu!

Bwana Athanas ana mrija wa kioo wenye kiuno chembamba na alama mbili. Anamimina mafuta, anahesabu sekunde mpaka yashuke kutoka alama ya juu hadi ya chini. Ya Domitila: arobaini na nne. Wengine: arobaini na tatu, arobaini na sita. Ya kwangu? Mwenzetu Jackson alikwenda dukani kununua sigara, akarudi, bado yanashuka. Mimi kifua mbele, kila sekunde naihesabu kama goli. Dakika ya tatu nilianza kupungia watu mkono.

Athanas akaniuliza, kwa adabu, kama hiyo chupa iliwahi kukaa karibu na chapati. Kisha akaeleza: mafuta halisi ya maganda ni mepesi, karibu sawa na maji. Yakiwa mazito yametiwa kitu. Watu wamecheka mpaka wakakaa chini. Nikasema huenda Rhobi alikosea chupa. Nimepewa nafasi ya pili Jumamosi.

Rhobi alikuwa nyuma yangu. Mboga ya leo haikuwa na mafuta wala chumvi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimetafakari. Kosa langu lilikuwa dogo sana: nilielekea upande usio sahihi. Kama wepesi ndio ubora, basi mepesi kuliko yote ndiyo bora kuliko yote. Hata mtoto wa chekechea anaona!

Nimenyonya petroli kutoka kwenye pikipiki kwa mpira. Kikombe kimoja ndani ya chupa. Kingine nimekimeza bila kukusudia. Mchana kutwa nacheua. Rhobi kanikataza kusogelea mafiga.

Jumamosi, 8 Machi
Sekunde ishirini na tisa! Nilishangilia, peke yangu. Athanas alimwomba Jackson azime sigara na asogee mbali. Nikadhani ni heshima kwa mafuta yangu. Kumbe! Akafunga chupa taratibu, akasema tangu aanze kazi hii hajaona mafuta ya machungwa yanayoyaacha maji nyuma.

Mtambo umekwenda kwa Domitila. Kapigiwa vigelegele. Na Rhobi naye kapiga! Mke wangu wa ndoa! Njiani nimemuuliza kwa nini. Kasema amempigia mwanamke mwenye jiko. Imeniuma, maana kweli wiki nzima amekula moshi na mvua kwa ajili yangu, na sina cha kumwonyesha.

Jioni Domitila kaja kwetu mwenyewe. Kaniita shemeji. Kaniletea kichupa cha mafuta yake, niyajue yalivyo. Kasema nipeleke maganda yangu, tutatumia mtambo pamoja. Tena kikundi kizima kinakuja Jumatatu kumjengea Rhobi jiko. Miti ipo, bati wameshachanga. Rhobi kalia. Nami nimelia kidogo. Nimeapa mbele yao wote wawili: ujanja basi.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Nimebaki kujifunza, kwa nia njema. Nimetengeneza kipimo changu kwa mrija wa dripu na saa ya simu. Mafuta ya Domitila: sekunde kumi na nane. Safi. Ningeishia hapo.

Lakini wazo limekuja lenyewe, sikulialika. Alizeti inachelewesha. Petroli inawahisha. Si vikutanishwe vipatane? Nimechanganya, nimepima. Ishirini na tano. Nimeongeza petroli, nimepima. Kumi na sita. Tone la alizeti. Saa saba mchana: kumi na nane. Kamili! Nimerudia mara tatu. Kamili!

Rhobi karudi kutoka kanisani, kanusa, kauliza machungwa yako wapi humo. Kusema kweli sikukumbuka kuyatia. Nimemwambia kipimo hakina pua.

Nimempigia Athanas. Kasema wiki ijayo atapita kuona mtambo kwa Domitila. Atapita! Mtu hasemi atapita bure. Nimewatumia wanakikundi ujumbe: kesho msije na miti, palipokuwa jiko pabaki wazi, mtambo unahamia kwangu. Rhobi anawapikia chakula cha kesho huko nje. Nitamwambia akimaliza.