Mazoezi ya Kushindwa Kishujaa

Jumatatu, 3 Machi

Mdomo umeniponza. Jana nilikwenda kwa wakwe watarajiwa kusalimia tu. Nile, ninyamaze, niondoke. Lakini kaka yake mchumba wangu, ninayemwita Kifua kwa sababu ndicho kinachotangulia kuingia mlangoni, akaanza majigambo. Eti ameomba kujiunga na kikosi maalumu cha jeshi. Wale wanaoruka kwa parachuti na kulala kwenye matope. Baba mkwe akawa hajiwezi kwa furaha. Kisha akanigeukia mimi, akauliza kama bado niko stoo ya kambi nahesabu buti.

Nikajibu kwamba nami nimeomba. Uongo mtupu!

Baba mkwe akaniita mwanangu mara tatu. Mchumba akaingia jikoni, hakutoka hata kuniaga. Nadhani furaha ilimzidi.

Leo alfajiri nikakimbilia ofisini kujaza fomu, uongo usije ukaoza. Kurasa mbili. Nikajaza wa kwanza, nikasaini wa pili. Usaili ni Jumamosi: kilomita kumi na mbili, begi la kilo ishirini na tano mgongoni. Na sina pa kurudi. Posa ya dada mkubwa wa mchumba ilivunjwa na baba mkwe kwa sababu bwana alisema ana lori, kumbe ana toroli. Yule mzee na waongo, ng'o!

Jumanne, 4 Machi

Kazi ya leo: kuchagua mazoezi. Nimemwendea koplo wa jikoni, aliyeshindwa usaili huo mara tatu, kwa hiyo ana uzoefu. Akaniambia nikimbie na begi kila siku, nianze na kilo kumi, niongeze kidogo kidogo kwa wiki kumi na mbili. Wiki kumi na mbili! Nikamshukuru, nikamdharau.

Kwenye simu nimempata jamaa asiye na shati anayesema dakika saba kwa siku zinatosha. Huyo ndiye mwenzangu. Nikajifungia stoo, nikapiga pushapu tatu. Ya nne ikanigomea katikati: sishuki, sipandi. Sajenti akaingia kutafuta mikanda, akauliza nimepoteza nini hapo sakafuni. Nikasema kifungo. Akapiga magoti kunisaidia kutafuta. Mtu mwema sana, alinichelewesha nusu saa.

Jumatano, 5 Machi

Nimemchungulia Kifua uwanjani. Anapindua tairi la lori! Analiinua, analibwaga, analifuata. Alipoondoka nikalijaribu. Lilisimama vizuri tu. Kisha likaniacha, likashika mteremko, likaingia kwenye banda la kuku la mke wa meja.

Kuku kumi na wawili. Mpaka jua linazama nilikuwa nimekamata kumi na mmoja. Mke wa meja ameniambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Lakini nimekimbia kweli leo, na mazoezi ni mazoezi.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Mchumba amekuja stoo, macho mekundu. Akaniuliza kama nilisoma ukurasa wa pili. Mimi, karani! Kumbe anayeingia kikosi maalumu haruhusiwi kuoa mpaka miaka mitatu iishe. Na sahihi yangu iko chini, imenyooka kuliko zote nilizowahi kuweka. Akasema kama simtaki, nimwambie usoni, nisimpitishie kwenye fomu.

Nikaweka chini buti nilizokuwa nahesabu. Nikaapa kwamba namtaka, namtaka leo, namtaka jana. Nikamweleza uongo wote tangu mwanzo. Nikamwuliza vipi nikijitoa. Akasema baba yake atanifukuza kabla sijakaa.

Basi hesabu ndiyo hii. Nikifaulu, nimemkosa. Nikiaibika, nimemkosa. Imebaki njia moja: nishindwe kishujaa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi kwa koplo. Nikamwuliza mwanamume anashindwaje bila kuchekwa. Akakoroga sufuria, akafikiri, akasema kwa uzito: Anayelemewa na mzigo mkubwa hachekwi, anapewa maji.

Wee! Na nani anayejaza mchanga kwenye mabegi ya usaili na kuyapima? Mimi! Mabegi yote nimeyapima sawasawa, kilo ishirini na tano. La kwangu, thelathini na nane. Kesho nitaanguka kilomita ya pili, begi litapimwa, watu watashika midomo. Naenda kulala na amani tele.

Jumamosi, 8 Machi

Sijawahi kuteseka namna hii. Kilomita ya pili nilikuwa tayari kuanguka, nimeshachagua na majani mazuri. Hapo hapo ndipo mteremko unapoanza! Begi likanisukuma, nikawa nakimbia ili lisinipite. Mteremko ulipokwisha, baba mkwe alikuwa kando ya njia anapiga kelele mwanangu, mwanangu. Ningeangukaje? Kila kona ninayotaka kuanguka, yeye huyo, kapita njia ya mkato. Nikafika wa mwisho. Lakini nikafika!

Wakapima mabegi kuwakamata waliopunguza mchanga. La kwangu likasoma thelathini na nane. Mkufunzi mkuu akasema moyo wa namna hii hajauona miaka ishirini, akachukua kalamu aandike jina langu chini ya la Kifua. Nikamwona mchumba kwenye uzio ananipa mgongo. Miaka mitatu!

Kisha mkufunzi akauliza nani alipima mabegi. Koplo alikuwa karibu, ningeweza kumsingizia. Lakini nikasema ni mimi, afande. Akauliza na hili? Na hili, afande. Kweli tupu, ya kwanza tangu wiki ianze.

Akaweka kalamu chini. Akasema mtu anayekosea kilo kumi na tatu za mzigo wake mwenyewe, siku akipewa baruti atamaliza kikosi kizima. Akanikataa. Akaongeza kwamba hata kazi yangu ya stoo ataifikiria upya.

Nilitaka kumkumbatia. Baba mkwe yeye kasikia thelathini na nane tu, anamtangazia kila mtu. Mchumba alicheka, akalia, akaniita mjinga mbele za watu. Nimefurahi jamani! Mwili wote unauma na nimefurahi.

Jumapili, 9 Machi

Mambo yamekwisha. Wazee wamekaa, ndoa ni Juni. Nimeshusha pumzi ya wiki nzima. Mama mkwe kaniongezea chakula bila kuombwa.

Nilikuwa nimekaa kimya, haki ya Mungu. Lakini mzee alikuwa anamsifu Kifua tu, Kifua hivi, Kifua vile, mpaka nikachoka. Kisha jirani akataja wazamiaji wa jeshini, wale wanaokaa chini ya maji kama samaki. Akasema usaili wao ni mwezi ujao.

Nikasikia sauti inasema imezamia tangu utotoni. Ilikuwa yangu. Baba mkwe akasimama. Mchumba akaweka glasi chini taratibu sana.

Sijui kuogelea. Nimeazima beseni kwa dobi. Kesho naanza na uso.