Kifua Changu Dirishani

Jumatano, 4 Juni

Siku kubwa! Tangazo limebandikwa mlangoni pa ukumbi wa sanaa: maonyesho ya wanawake, mada "Mwanamke na Maumbile". Darizi zinakaribishwa. Sanamu zinakaribishwa. Na kazi itakayochaguliwa kuliko zote itawekwa dirishani, itazamane na barabara, kila mpita njia aione. Dirishani! Nilisimama pale nikitabasamu peke yangu mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotelewa na mtu.

Wazo lilinijia kabla sijafika nyumbani. Nitamdarizi mama mkwe. Mwanamke anayegeuka mti: miguu mizizi, mikono matawi, ndege kichwani. Kitambaa kirefu kama pazia. Mume wangu amesema wazo zuri sana, kisha akaniharibia siku. Eti dada yake naye ana wazo. Atamfinyanga mama yao kwa udongo.

Wifi! Mwanamke huyo mimi nikipiga chafya, yeye anaugua mafua.

Mama mkwe ni mmoja. Hakatiki vipande kama mkate. Lazima nimuwahi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemuwahi! Asubuhi na mapema nilimpigia simu kwa sauti ya mtu anayeaga dunia. Nikasema kiuno kimekaza, siwezi hata kuokota kijiko, nahitaji mtu mzima wa kukaa nami siku chache. Alifika chai yangu haijapoa, na begi lake na chupa ya dawa ya kuchua. Dawa kali! Amenichua mpaka nikaona nyota mchana. Sasa kiuno kinauma kweli.

Baadaye nikamgusia habari ya darizi, kama jambo lililonijia hivi hivi tu. Mada akaisikia vibaya. Maumbile? Akachukua sweta, akalivaa juu ya gauni, akafunga vifungo vyote mpaka kooni. Akasema maumbile yake aliyaona marehemu baba mkwe peke yake, na itabaki hivyo hivyo. Nilimweleza, nikamweleza tena, kwamba ni miti na maua tu, mama, miti na maua. Mwishowe akakubali. Lakini sweta hakulivua.

Sasa mti wangu una vifungo.

Ijumaa, 6 Juni

Kazi inakwenda! Mama mkwe anakaa kwenye kiti karibu na dirisha, anasinzia, mimi nashona. Wifi amepiga simu asubuhi kumwulizia mama yake. Nikasema amelala. Akapiga mchana. Amelala. Akapiga jioni, akataka kujua kama mama anaumwa. Nikamjibu hapana, anapumzika kwa bidii.

Tatizo dogo: uzi wa uso. Dukani, chini ya taa, ulikuwa wa kahawia. Nyumbani ni wa kijani. Na nilishamaliza paji la uso na shavu moja. Nikawaza, nikaamua kwamba hivyo ndivyo nilivyotaka tangu mwanzo. Maumbile ni kijani!

Mama mkwe alipoamka akajitazama. Akasema anafanana na mtu aliyekula samaki aliyelala. Kisha akainama karibu. Akagusa mikono ya kwenye kitambaa, pale nilipoitia mishipa kwa mshono wa mnyororo, taratibu, kama anahofia kuiumiza. Akasema hajatazamwa muda mrefu namna hii tangu mumewe alipofariki.

"Ninyi wanangu mnanitazama," alisema, "mkitaka kujua kama nimemeza dawa."

Nikamwongezea ndege.

Jumatatu, 9 Juni

Habari mbaya! Mume wangu kapitia karakana ya dada yake, karudi macho yamemtoka. Wifi hakumsubiri mama. Anamfinyanga kwa kumbukumbu na picha moja ya zamani: mama akiwa kijana, mja mzito, kasimama wima, tumbo mbele kama ngao. Mume wangu anasema alipoingia, kidogo aiamkie.

Sanamu! Alitaka kuipa shikamoo! Darizi yangu iko hapa sebuleni, anapita mbele yake kila siku, hata habari za asubuhi haijawahi kupewa.

Lazima niione.

Jumanne, 10 Juni

Nimeiona. Ningekuwa na akili ningeishia hapo.

Wifi huenda kutafuta udongo mchana, na ufunguo huuacha chini ya ndoo. Niliingia. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kijivu, lile nililolidarizi majani kifuani kote kwa uzi mnene, maana hata mtu akienda kuchungulia ni lazima apendeze. Sanamu ilikuwa juu ya meza fupi, imefunikwa kwa nailoni, udongo bado mbichi. Nikafunua.

Jamani. Nzuri mpaka ikaniudhi. Shingo ile! Mkono ule ulioshika kiuno! Nikasogea nione macho kayafanyaje. Nikakanyaga tambara lililolowa.

Nikateleza. Nikamkumbatia mama mkwe wa udongo kwa nguvu zangu zote, kifua changu kwenye tumbo lake, tusije tukaanguka wote wawili.

Hatukuanguka. Lakini nilipojibandua, tumbo lake lilikuwa limeota majani. Majani yangu! Kila mshono umetoka, hata lile jani nililolikosea likawa na ncha mbili. Nikalamba kidole, nikajaribu kusawazisha. Nikazidisha ubaya. Geti likalia! Nikafunika, nikatokea dirisha la nyuma. Kiuno changu, jamani, kiuno changu.

Mume wangu aliniuliza udongo kifuani umetoka wapi. Nikamwambia nilianguka kwenye tope. Akasema mvua haijanyesha. Nikasema ndiyo maana hata mimi nilishangaa.

Jumatano, 18 Juni

Kimya kutoka kwa wifi. Hajaja na kelele, hajaja na kilio. Mume wangu anasema sanamu imetoka tanurini salama na dada yake anachekacheka peke yake. Nimeelewa: huzuni imempanda kichwani. Masikini wifi. Dirisha ni langu!

Leo nimepeleka darizi ukumbini. Msimamizi ni mwanamama mwenye miwani mikubwa kuliko uso. Aliitazama kazi yangu bila kupepesa, akaniuliza kwa nini mti una vifungo. Nikababaika, kisha maneno yakanijia kama mafuriko. Nikasema vifungo ndiyo uanamke wenyewe: unafunga mwenyewe, unafungua mwenyewe, ukitaka na kwa unayemtaka. Aliandika! Kwa kalamu! Nimerudi nyumbani nikirukaruka kama mbuzi.

Jumamosi, 21 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Tulikwenda familia nzima. Watu walikuwa wamejazana mbele ya kioo mpaka wamefunga barabara. Nikajipenyeza, nikiwa nimeshaandaa uso wa unyenyekevu.

Dirishani ilikuwa sanamu. Ya wifi. Na tumboni, majani yangu, yameiva kwa moto, mekundu, kila mshono wazi. Hakuna aliyezungumzia kitu kingine. Si shingo, si mkono. Majani! Msimamizi alikuwa akiwaeleza watu jinsi msanii alivyochukua kazi ya sindano, kazi ya mama zetu, akaipiga chapa kwenye mwili, ili mwanamke abebe mtoto na msitu kwa pamoja. Mzee mmoja alikuwa anafuta machozi.

Nikajiambia ninyamaze. Nikahesabu majani mpaka la tatu. Kisha mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hicho ni kifua changu!"

Watu wote wakageuka. Wakatazama sanamu. Wakatazama kifua changu. Mume wangu akaanza kukagua mawingu.

Wifi akaja, akanishika mkono. Nilijua ananiondoa pale. Badala yake akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Ni kweli. Ni kifua cha wifi yangu." Akaonyesha jani lenye ncha mbili, akasema alinijua palepale, maana hakuna binadamu mwingine anayelikosea jani namna ile. Alikasirika mpaka akashindwa kula. Alishika kisu akwangue, mkono ukakataa. Lile tumbo ndimo alimokuwa yeye, na alikuwa amelitazama wiki nzima akiona linapungukiwa na kitu asichokijua.

Kisha akaninong'oneza, si kwa hasira: "Kwa nini hukugonga mlango tu?"

Nikaushika mkono wake kwa nguvu zaidi.

Mama mkwe alisimama kwanza mbele ya udongo, halafu tukaingia naye ndani, akasimama mbele ya kitambaa changu kilichotundikwa ukutani. Akakaa hapo zaidi. Mwishowe akasema yule wa udongo ni yeye alivyokuwa, huyu wa uzi ni yeye alivyo, ila huyu wa pili apelekwe hospitali haraka. Wifi akacheka mpaka akalia. Mimi nikalia bila kupitia kicheko.

Na msimamizi akatamka mbele ya watu: maonyesho yajayo anataka kazi moja kutoka kwetu sisi wawili. Udongo na uzi. Dirisha zima letu!

Jumapili, 22 Juni

Wifi alikuja asubuhi. Tumekaa sakafuni kama watoto, karatasi zimetandazwa, tunanyang'anyana penseli. Tumepatana: mti wa kike. Yeye atafinyanga shina na mizizi, shina lenye mgongo na makalio ya mwanamke. Mimi nitadarizi majani ya kutundika juu yake. Majina yetu yataandikwa sawasawa, herufi za ukubwa mmoja. Tukashikana mikono, tukaapa: hila basi. Kuanzia leo kila mtu anagonga mlango.

Nimeguswa kweli. Kutoka moyoni. Mimi ni mtu mpya.

Ameondoka sasa hivi na mimi nimeanza kukata vitambaa. Nimeamua majani yawe makubwa kidogo. Yawe makubwa, kwa kweli. Yawe mengi, mazito, ya kuning'inia kutoka juu mpaka yaguse sakafu. Hilo si hila, hayo ni maumbile.

Shina nani ataliona?